RAW au JPEG uwanjani: nani anaisubiri hiyo picha?

Habarini za asubuhi wadau. Asanteni kwa kufika mapema, na mliokuja na vifaa vyenu kamili asanteni zaidi maana mwisho wa maongezi haya tutavitumia, kwa hiyo msiviweke mbali.

Nimeombwa niongelee RAW na JPEG, yaani faili ghafi la kamera na lile ambalo kamera imeshalipika tayari, kwa sisi tunaopiga picha za michezo, na nilipokubali nilijua kabisa naingia kwenye ugomvi, maana hili jambo likitajwa tu mahali penye wapiga picha watu wanagawanyika kama mashabiki wa timu mbili za mtaa mmoja. Huyu anasema mpiga picha wa kweli anapiga RAW tu, yule anasema RAW ni kwa wasiojua kupima mwanga. Mimi nimepiga zote miaka mingi na nimeumia kwa zote, na nilichokuja kuwaambia leo ni hiki: ukiwa uwanjani usijiulize lipi ni faili bora, jiulize nani anaisubiri hiyo picha, anaitaka saa ngapi, na taa za hapo ulipo zikoje. Ukishajibu hayo matatu jibu la RAW au JPEG linakuja lenyewe.

Niwape kisa kwanza. Mwanzoni kabisa nilikuwa nimeaminishwa kwamba JPEG ni ya wanafunzi, basi nikaenda kupiga fainali ya mpira wa miguu, mechi kubwa kwangu wakati ule, nikaweka RAW na kadi niliyokuwa nayo ambayo ilikuwa ya kasi ya kawaida tu. Dakika za mwisho kona inapigwa, nikashikilia kitufe tangu mpira unaondoka kwenye kona, watu wakaruka, kichwa, goli, nikaendelea kushikilia. Goli lenyewe nililipata. Mfungaji akageuka akaanza kukimbia kuja upande wangu mikono imefunguka uso wote unalia kwa furaha, na hapo kamera ikanyamaza. Bonyeza, kimya. Taa nyekundu ya kadi inawaka, inaandika, inaandika. Yule kijana alipiga magoti kama mita nane mbele yangu na mimi namwangalia kwa macho tu kupitia kamera isiyopiga. Kamera ilipoanza tena kupiga, moja moja, wenzake walishamlalia juu na kilichobaki kilikuwa migongo na namba za jezi. Mhariri aliponiuliza picha ya ushangiliaji iko wapi sikuwa na cha kumwambia. Ilinichukua siku kadhaa kulala vizuri, nawaambia ukweli.

Sasa kilichotokea pale kinaitwa bafa kujaa, bafa ni ile kumbukumbu ya muda ndani ya kamera ambako picha zinangoja kuandikwa kwenye kadi, na nataka tukielewe vizuri kwa sababu wengi tunabishana kuhusu rangi na ubora wakati kwenye michezo kitu cha kwanza kinachotutofautisha na mpiga picha wa harusi ni hiki cha bafa.

Tuanzie kwenye kihisi cha kamera. Kihisi peke yake hakioni rangi, kinahesabu mwanga tu. Mbele yake kuna kichujio chenye vijidirisha vya nyekundu, kijani na bluu, mpango uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak ukapata hataza mwaka 1976, na humo nusu ya vidirisha ni kijani, robo nyekundu, robo bluu, kwa sababu jicho la binadamu linategemea zaidi kijani kuona vitu vidogovidogo. Kwa hiyo kila pikseli inajua rangi moja tu. RAW ni zile hesabu zenyewe kabla hazijapikwa, ndio maana tunaiita picha ghafi, ni unga, bado si ugali. Ukipiga JPEG, kamera inafanya upishi wote palepale ndani: inakisia rangi mbili zinazokosekana kwa kila pikseli, inaweka waiti balansi (kusawazisha rangi kufuata taa iliyopo), kontrasti, inanoa, inapunguza chenga (vile vidoadoa vinavyotokea mwanga ukiwa hafifu), halafu inabana faili na kutupa ile ghafi. Imetupwa, hairudi tena.

Na JPEG yenyewe si kitu cha jana, ni kiwango kilichotoka mwaka 1992. Inaigawa picha kwenye viboksi vidogo vya pikseli 8 kwa 8, inaangalia ndani ya kila kiboksi ni nini jicho halitakikosa sana, inakiondoa. Ndio maana uzito wa JPEG haufanani picha hadi picha. Ukipiga mchezaji na anga nyuma yake faili linakuwa dogo, ukipiga jukwaa lililojaa mashabiki faili linanenepa, na ukipandisha ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, usiku zile chenga nazo kamera inaziona kama vitu vya kutunza, faili linanenepa tena. Wengi hawalijui hili, wanashangaa kwa nini mchana kamera inapiga bila kuchoka na usiku inachoka mapema na wao wako kwenye JPEG ileile.

Haya, hesabu. Chukua kamera ya megapikseli 24 inayorekodi biti 14. Milioni 24 mara 14 ni biti milioni 336, gawa kwa nane unapata megabaiti 42 kwa fremu moja kabla ya kubanwa. Ikibanwa bila kupoteza kitu tuseme inashuka mpaka kwenye 25 au 30. JPEG ya ubora wa juu ya kamera hiyohiyo ni kama megabaiti 10 hivi. Sasa piga fremu 20 kwa sekunde: kwa RAW ya 25 hiyo ni megabaiti 500 kila sekunde, kwa JPEG ni 200. Njia ya kadi ya SD ya UHS-I mwisho wake ni megabaiti 104 kwa sekunde, UHS-II ni 312, na hizo ni namba za juu kabisa za njia yenyewe, kadi nyingi haziandiki hata kwa kasi hiyo. Angalia ile alama ya V pembeni, V30, V60, V90, ndiyo inakwambia kasi ya chini ambayo kadi inaahidi haitashuka chini yake. Kwa hiyo RAW inaingia kwenye bafa kama maji ya bomba kubwa na inatoka kwa mrija, hata ungekuwa na mikono mizuri namna gani bafa itajaa. Kadi za CFexpress zimesaidia sana, zile za Type B za toleo la 2.0 njia yake inafika kama megabaiti 2000 kwa sekunde, lakini si kila kamera inazipokea na si kila mfuko unazimudu.

Nikitoa mfano wa kamera ya kati inayopiga fremu 10 kwa sekunde na bafa yake inabeba RAW 20 na kitu, hiyo ni sekunde mbili. Mbili! Mkimbiaji wa mita 100 kwa sekunde mbili hata hajafika sehemu anayoanza kusimama wima. Mruko wa juu, kuanzia mkimbio mpaka kuanguka kwenye godoro ni zaidi ya hapo. Na kamera hiyohiyo ukiiweka JPEG unaweza kukuta inapiga makumi ya fremu bila kusimama. Hata kamera kubwa kabisa hazijatoka kwenye sheria hii, zimeisogeza mbele tu. Nikon Z9 iliyotoka mwaka 2021 inapiga RAW 20 kwa sekunde, JPEG kamili 30, na ukikubali kushuka mpaka megapikseli 11 inakupa 120, zote JPEG. Sony A1 ya mwaka huohuo inafika 30 kwenye RAW ikiwa tu umekubali RAW iliyobanwa kwa kupoteza kidogo, ukitaka ile isiyopoteza inashuka mpaka 20. Sony A9 III, ya 2023, inapiga RAW 120 kwa sekunde na bado ukishikilia kitufe bila nidhamu bafa inakwisha chini ya sekunde mbili. Mnaona? Fedha yote ile na bado swali ni lilelile.

Kwa hiyo yule aliyeniambia JPEG ni ya wanafunzi alinikosesha picha, na mimi nilimwamini bila kupima kamera yangu mwenyewe, ndio maana kila kijana anayekaa na mimi pembeni ya uwanja namuuliza kwanza kabisa: bafa yako inabeba ngapi?

Sasa twende kwa anayesubiri.

Kama unapigia gazeti, shirika la habari, au ukurasa wa klabu unaotaka picha wakati mechi inaendelea, RAW kwako ni mzigo. Picha ya goli la dakika ya 12 ikifika dakika ya 20 inatumika, ikifika baada ya mechi kuna mwenzako ameshawahi. Hamna mhariri anayetaka umtumie RAW, atakachopokea ni JPEG tu, basi swali ni nani ataitengeneza hiyo JPEG, kamera yako kwa sehemu ya sekunde au wewe kwenye laptopu huku mechi inaendelea na mgongo wako umegeukia uwanja. Mimi najua jibu langu. Kuna siku nyingine mpiga picha anatuma moja kwa moja kutoka kwenye kamera kwa waya wa mtandao au waifai, mhariri yuko mahali pengine kabisa ndiye anakropu (kukata kingo za picha) na kuandika kepsheni, na mfumo mzima huo umejengwa juu ya JPEG.

Na mkumbuke Reuters, Novemba 2015, waliwaandikia wapiga picha wao wa kujitegemea kwamba wasitume tena picha zilizotengenezwa kutoka RAW, watume JPEG zilizotoka kwenye kamera. Walisema anayetaka kupiga RAW apige lakini apige na JPEG pamoja. Sababu zilikuwa mbili, kasi, na uaminifu wa picha. Watu walikasirika sana wakati ule. Mimi hiyo ya pili naielewa na naitetea kabisa, kwa sababu mtu akikaa na RAW na vitelezi vyote vile mbele yake, anaanza kuongeza kidogo hapa kidogo pale, anga linakuwa jeusi, jasho linang'aa kama mafuta, uwanja unakuwa kijani ambacho hakuna aliyekiona siku ile. Michezo ni habari. Aliyekuwa jukwaani akiiona picha yako aseme ndiyo, ilikuwa hivi.

Lakini upande wa pili wa shilingi, RAW ni ushahidi. Shindano la picha za habari la World Press Photo kwa mfano huwataka waliofika hatua za mwisho watoe mafaili ya asili yakaguliwe, na aliyepiga JPEG huombwa fremu zilizotangulia na zilizofuata ile aliyoiingiza, ili waone mtiririko. Hapo sisi wa michezo tuna bahati kwa sababu tunapiga mfululizo, fremu zetu zina majirani. Msifute majirani haraka. Picha ikiwa kubwa kweli, tunza mfululizo wote.

Sasa nije kwenye taa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wa JPEG tupu wanapoumia.

Mchana, jua au mawingu yaliyotulia, mwanga haubadiliki, unapima mara moja, unaweka kila kitu kwa mkono, JPEG inatosha na inabaki. Ndani ya ukumbi ni dunia nyingine. Kuna kumbi taa zake ni zile za zamani za gesi, na taa hizo zinapumua kufuata umeme, umeme wa hezi 50 zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, wa hezi 60 mara 120. Jicho halioni. Wewe unapiga kwa 1/1000 ya sekunde ili ugandishe mpira wa kikapu hewani, kwa hiyo kila fremu inakata kipande kimoja tu cha ile pumzi: moja inatoka nyeupe, inayofuata ya njano na giza, inayofuata kijani kidogo. Fremu kumi za mruko mmoja, rangi tano. Ukiwa na JPEG utazirekebisha moja moja na kila ukivuta rangi ngozi inaanza kuharibika. Ukiwa na RAW waiti balansi haijapikwa bado, unaiweka upya kwa kila fremu kama vile uliiweka pale ukumbini. Kamera nyingi siku hizi zina kitu cha kungoja ile pumzi ifike juu ndipo shata ifunguke, Canon waliianza kwenye 7D Mark II mwaka 2014, kiwasheni, kinasaidia mno. Ila kuna kitu hata RAW haikiponyi: pale pumzi inapobadilika katikati ya shata kupita, nusu ya juu ya picha ina rangi yake na nusu ya chini ina yake. Hapo utakaa na kupaka kwa mkono na bado haitakuwa sawa.

Nilishawahi kupiga mashindano ya ndani kwa JPEG huku waiti balansi iko kwenye jua, nimeisahau kutoka mechi ya nje niliyopiga asubuhi yake. Kwenye skrini ndogo sikuona, macho yalikuwa yameshazoea ile njano ya ukumbi. Nyumbani nikafungua laptopu, watu wote wa rangi ya machungwa. Nilijaribu kuvuta bluu, nyuso zikawa za kijivu kama wagonjwa, chaneli ya nyekundu ilishajaa hakuna cha kurudisha. Wale vijana walicheza kwa moyo wote na picha zao nzuri kuliko zote nikazigeuza nyeusi na nyeupe ili zipite. Wengine waliniuliza kwa nini zao hazina rangi ya jezi, na ilikuwa fainali yao ya kwanza.

Halafu kuna hili ambalo naliona halisemwi vya kutosha. Mchezaji mwenye ngozi nyeusi, jezi nyeupe, jua la saa saba. Kamera ikipima kwa uso, jezi inaungua, inakuwa doa jeupe lisilo na mikunjo wala nembo. Ikipima kwa jezi, uso unazama, macho hayaonekani, na picha ya michezo isiyo na macho ni picha ya nguo. JPEG ina biti 8 kwa kila chaneli, ngazi 256 kutoka giza hadi nyeupe. RAW ya biti 12 ina ngazi 4,096, ya biti 14 ina 16,384. Sasa nisiwadanganye, zile 256 zimepangwa kufuata jicho linavyoona kwa hiyo picha ikiwa imepimwa vizuri hutaona tofauti yoyote, hata ukichapisha ukubwa wa ukuta. Tofauti inakuja ukianza kuvuta. Pima kwa ajili ya jezi, halafu uvute uso kutoka gizani: kwenye RAW uso unakuja na ngozi yake, ung'avu wake, jasho lake. Kwenye JPEG unakuja na mabaka, viboksi vile vya 8 kwa 8 vinaanza kuonekana shavuni, na rangi inakuwa ya udongo. Sisemi nadharia, nimekaa usiku nikilinganisha uso mmoja kwenye mafaili mawili ya fremu moja. Watu wenye ngozi nyeusi wamepigwa vibaya na kamera miaka mingi mno, na sisi tulio pembeni ya uwanja tuna wajibu wa kuwapiga wakaonekana. Kwa hiyo jua kali, jezi nyeupe, nyuso nyeusi, kama una nafasi ya kupiga RAW, piga RAW. Kama huna, kama mhariri anangoja, basi shusha kontrasti ya JPEG ndani ya kamera kabla ya mechi, pimia uso, kubali jezi iungue kidogo begani. Uso kwanza.

Sehemu nyeupe nazo, RAW mara nyingi inakuachia kama stopu moja hivi ya kurudisha (stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu), lakini msiitegemee kama akiba ya benki. Na lile grafu la mwanga kwenye skrini, histogramu, pamoja na zile alama zinazopepesa mahali palipoungua, vinasomwa kutoka kwenye JPEG ndogo iliyomo ndani ya RAW, havisomwi kutoka kwenye RAW yenyewe. Kamera ikiwa na kontrasti kubwa itakutisha bure kwamba jezi imeungua kumbe bado ipo. Hata wapiga RAW wekeni staili ya picha iliyopoa.

Usiku kwenye ISO ya 6400 kwenda juu RAW ina faida nyingine mpya, zile programu za kuondoa chenga kwa akili bandia, Denoise ya Lightroom iliyokuja 2023, DeepPRIME ya DxO, zinafanya kazi yake nzuri zaidi zikipewa hesabu ghafi. Lakini zinachukua muda kwa kila fremu kutegemea kompyuta yako, si kitu cha kufanya mapumziko ya kipindi cha kwanza. Hiyo ni kwa zile picha tano sita za kesho, za kalenda, za mchezaji mwenyewe, za bango.

Mtaniuliza, kwa nini usipige zote mbili? Napiga, mara nyingi tu. Kamera yenye nafasi mbili za kadi naweka RAW kwenye ile ya kasi, JPEG kwenye nyingine, wakati wa mechi natuma JPEG, usiku narudi kwenye RAW za zile chache zilizostahili. Nikipata fremu nzuri naibonyezea kitufe cha kufunga, ile alama ya ufunguo, ili nikifungua kadi nizione hizo tu kati ya elfu mbili. Lakini kuna mtego mmoja: kamera inaandika mafaili mawili kwa kila fremu na bafa inajaa mapema kuliko hata ukiwa RAW peke yake, na kama kadi ya pili ni ya polepole, kamera nzima inakwenda kwa mwendo wa hiyo ya polepole. Nimeona mtu ana kadi moja ya bei kubwa na nyingine ya zamani na analalamika kamera mbovu. Kamera haina tatizo, inangoja ile nyingine.

Njia ya kati ambayo naona wengi wenu mngeifikiria ni RAW iliyobanwa kwa kupoteza kidogo. Canon wanaiita C-RAW, walianza nayo 2018, Nikon wana High Efficiency kwenye Z9. Faili linapungua sana, waiti balansi bado iko mikononi mwako, na kwa picha za michezo mimi sijawahi kuona hasara ambayo mteja angeiona. Watu wanaikimbia kwa sababu ya neno kupoteza, halafu wanapoteza fremu nzima kwa bafa. HEIF nayo ipo, aina nyingine ya faili lililopikwa kama JPEG, biti 10, ngazi 1,024, Canon waliiweka kwenye 1D X Mark III mwaka 2020, ni nzuri, ila muulize mhariri kama mfumo wake unaifungua kabla hujatuma.

Kuhusu kuchambua picha sitasema sana. Msifungue RAW elfu mbili kwenye programu ya kuediti mkangoja kila moja ijichore, hizo ni gigabaiti 50 kwa mechi moja. Tumieni programu inayosoma ile JPEG ndogo ya ndani, Photo Mechanic ndiyo inayotumika sana na watu wa michezo kwa sababu hiyo hasa, unaruka fremu hadi fremu kama unafunua kurasa. Na ukishaediti JPEG na kuisevu, halafu ukaifungua ukaediti tena ukasevu tena, kila mara inabanwa upya na inapoteza tena. Tunza ya asili kando, fanyia kazi nakala.

Na ukiamua JPEG, ipige kwa heshima. Ubora wa juu kabisa, ukubwa kamili, maana utakropu. Waiti balansi usiiachie kamera kwenye otomatiki ukiwa ukumbini kwa sababu jezi nyekundu ikijaa fremu kamera inadhani taa ndiyo nyekundu. Nenda nusu saa kabla, chukua karatasi nyeupe au kadi ya kijivu, iweke pale watakapochezea, pimia, weka kwa mkono. Angalia kama upande mmoja wa uwanja una giza, mara nyingi upo, jua tofauti ni stopu ngapi ili mchezo ukihamia kule kidole kijue kinakwenda wapi. Punguza kunoa, punguza kuondoa chenga, unaweza kuongeza baadaye lakini huwezi kutoa. Hii nusu saa ndiyo inayofanya JPEG itoke safi, na anayepiga RAW kwa sababu hataki hii nusu saa atailipa usiku mbele ya skrini, mara nne.

Mimi mwenyewe sasa hivi: mechi ya mchana yenye mhariri anayengoja, JPEG tupu na akili imetulia. Ukumbi wenye taa mbaya, RAW iliyobanwa, na kidole kwa awamu fupifupi, tatu nne, naachia, namwangalia mchezaji, tatu nne tena, nikijua nimebakiza ngapi kwa ajili ya ushangiliaji. Fainali, zote mbili kwenye kadi mbili zenye kasi sawa.

Haya, toeni kamera. Weka RAW kwanza, shata 1/1000, ISO ileile unayotumia usiku, fokasi kwa mkono ili isikuchelewesheni. Mlioko mstari wa mbele geukeni muelekeze nyuma kwenye viti vyenye watu wengi, siyo ukutani, tunataka faili zito. Bonyeza ushikilie, uhesabu fremu mpaka usikie mlio umebadilika umekuwa wa kusitasita. Achia. Sasa anza kuhesabu sekunde mpaka taa ya kadi izime. Andika namba zote mbili kwenye kipande cha plasta ubandike chini ya kamera. Ukimaliza badilisha weka JPEG turudie. Tayari? Pigeni.